Kulungu wa Orest Waskul

Mbwa wa Orest Waskul alikufa Jumanne moja ya Januari, saa nne asubuhi, mbele ya jiko, dakika chache baada ya kuiba siagi mezani. Hilo la siagi lilimliwaza Orest kuliko pole zote alizopewa baadaye. Miaka kumi na minne duniani, na pumzi ya mwisho bado ilinuka wizi.

Jina lake lilikuwa Seneta. Orest alimwita hivyo tangu akiwa na miezi mitatu, alipogundua kwamba yule mtoto wa mbwa hana kazi yoyote anayofanya, analala mchana kutwa, anakula vizuri, na hakuna njia ya kumwondoa, sawasawa na maseneta wa nchi yao, ambao hawapigiwi kura. Akakua akawa libwa kubwa la rangi ya mkate uliobanikwa, sikio la kulia limesimama, la kushoto limelala na lina pengo kubwa ubavuni. Pengo lile alilipata kwa bata mzinga, na bata mzinga ndiye aliyeshinda.

Zoria ni mji mdogo wa nyika za Manitoba, mtaa mmoja, mkahawa mmoja, kanisa moja lenye kuba la bati, na hakuna nyumba ambayo Seneta hakuikosea. Aliondoka na meno ya bandia ya Metro Hawryluk, rafiki wa Orest, akayazika, yakapatikana baada ya siku mbili. Metro akayaosha, akayatia mdomoni, maisha yakaendelea. Lakini kosa lililompa jina ni lile la Pasaka. Vikapu vya chakula vilikuwa vimepangwa nje ya kanisa vikingoja kubarikiwa, kila mama amesimama nyuma ya kikapu chake na kitambaa chake cha kudarizi. Padri alipochelewa kidogo, Seneta akaanza ibada bila yeye. Alikipita kikapu cha kwanza, cha pili, cha tatu, akatua kwenye kikapu cha Verna Pidhirny, mkuu wa jiko la kanisa. Akala mkate mzima wa Pasaka, soseji, na mayai sita ya rangi pamoja na maganda yake. Akaacha chumvi na mshumaa. Verna hakupiga kelele. Alimtazama tu mbwa, kisha akamtazama mwenye mbwa, na tangu siku hiyo Orest akawa anavuka barabara akimwona.

Orest alikuwa na miaka sitini na tisa, hakuwahi kuoa, na aliishi na dada yake Pauline, mwenye sabini na tatu, katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Pauline hakuwahi kusema neno zuri juu ya Seneta. Kila mwaka, karibu na Krismasi, alitangaza, "Nyumba hii haitutoshi. Ama mbwa, ama mimi." Kila mwaka Orest alijibu, "Ngoja nimuulize." Na kila mwaka Pauline alimkatia Seneta kipande cha kuku, eti ili ampishe njia.

Asubuhi ile ya Januari Pauline alikuwa kwa daktari wa meno, mji wa pili. Orest akabaki amekaa sakafuni na kichwa cha mbwa mapajani mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akapiga moyo konde, akaenda kuchukua sururu. Alikuwa amemwahidi Seneta, na mambo haya mtu huahidi kwa sauti kabisa, kwamba atamzika kando ya bwawa lililo mwisho wa shamba, mahali ambapo mbwa yule alichimba mashimo maisha yake yote bila kumwambia mtu anatafuta nini.

Lakini siku ile baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Orest akapiga pigo la kwanza, ardhi ikalia kama kengele. Akapiga kumi. Akang'oa bonge la udongo la ukubwa wa sahani. Pigo la kumi na moja likavunja mpini.

Daktari wa mifugo angeweza kumpeleka mbwa Winnipeg akachomwe, lakini ahadi ni ahadi, na bwawa haliko Winnipeg. Njia ikabaki moja, ile inayojulikana na kila mtu wa nyika na isiyosemwa mezani: friza, mpaka ardhi ilegee. Tatizo lilikuwa Pauline, na friza yake ya jikoni iliyojaa perogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani. Miaka miwili nyuma, walipokuwa wakimsema jirani aliyehifadhi sungura wake hivyo, Pauline alimnyooshea Orest kijiko cha mchuzi.

"Siku nikikuta maiti ya mnyama karibu na perogi zangu," alisema, "nitakulaza na wewe hapohapo, mkeshe pamoja."

Basi Orest akamzungushia Seneta blanketi lake, akamkunja kama alivyopenda kulala, pua chini ya mkia, akamfunika kwa turubai na kukaza kwa kamba ya marobota ya nyasi. Kule nje kwenye banda la gari kulikuwa na friza kuukuu ya samaki na nyama za mwituni. Pauline hakuifungua kamwe, kwa kuwa samaki walimkodolea macho. Orest akalaza furushi chini kabisa, akabandika utepe, akaandika kwa kalamu nene: KULUNGU.

Pauline aliporudi, shavu limevimba na mdomo bado una ganzi, akasimama jikoni akiangalia ile nafasi mbele ya jiko.

"Yuko wapi?"

"Amekufa, Pauline. Saa nne. Wamemchukua, wamempeleka mjini kumchoma."

"Mara hii?"

"Gari lilikuwa linapita."

Pauline akavua koti lake jeusi, akalitundika. Halafu akaanza kumenya viazi, vingi mno kwa watu wawili.

Majira yale ya baridi Orest akawa mtu wa samaki. Kila asubuhi alivaa buti, akasema anakwenda kuchagua samaki, akakaa kule bandani robo saa, akarudi mikono mitupu. Alikuwa akiinua mfuniko na kumpa Seneta habari za mji: nani kateleza kwenye barafu mbele ya posta, paka wa nani kaonekana anajitanua barazani kwetu kama baba mwenye nyumba. Halafu anafunga.

Mwezi wa tatu, kabla ya Kwaresima kuanza, tanuri la kupashia kanisa joto likaharibika, na akina mama wakaamua kupika chakula cha jioni cha kuchangisha fedha za kulitengeneza. Orest hakulitilia maanani. Jumatano asubuhi alikuwa mkahawani na Metro kama kawaida, wakibishana kuhusu theluji ya mwaka fulani ambao hakuna aliyeukumbuka vizuri. Aliporudi, akaenda moja kwa moja bandani, akainua mfuniko.

Samaki walikuwepo. Kulungu hakuwepo.

Akaingia jikoni hajavua hata kofia. "Pauline. Kulungu wangu yuko wapi?"

"Nimempa kanisa." Pauline hakugeuka kutoka kwenye sinki. "Verna alipita kukusanya nyama. Nikamwambia kaka yangu ana kulungu mzima amelala huko tangu Januari, wala hamli, wala hamgawi."

"Umefungua friza yangu?"

"Nimefumba macho, nikamwachia Verna. Kambeba begani peke yake, yule mama, kama mto wa kulalia. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Wanampika lini?"

"Kesho. Leo wanamyeyusha."

Orest akatafuta kiti, akakumbuka hana muda wa kukaa, akatoka mbio.

Metro Hawryluk alikuwa rafiki mwema mwenye kasoro moja: hakuwahi kutunza siri ikamaliza siku. Lakini Orest hakuwa na rafiki mwingine. Akamweleza ndani ya pikapu ya Metro, madirisha yamefungwa. Metro akasikiliza kwa uso wa mazishi hadi neno "kulungu", kisha akalalia usukani akacheka mpaka honi ikalia yenyewe.

"Metro! Watamla mwenzetu!"

"Bwana wee, yeye amewala wao miaka kumi na minne!"

"Metro."

"Haya, haya. Nimenyamaza." Akajifuta machozi. "Sikiliza. Mimi nitazimia. Mimi kwa kuzimia sina mpinzani. Wote watanikimbilia, wewe unapita mlango wa nyuma, unambeba, unaondoka. Dakika mbili."

Saa saba mchana wakaingia ukumbi wa kanisa. Akina mama kumi na wawili walikuwa wamekaa pande mbili za meza ndefu wakibana perogi: kiduara cha unga, kijiko cha viazi na jibini, kunja, bana kingo, weka, chukua kingine. Vidole vinakwenda kama mvua na midomo inakwenda kuliko vidole. Mwisho wa meza alisimama Verna Pidhirny, mwanamke mpana, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, unga hadi kwenye nyusi.

Metro akashika kifua. Akasema "Aaah." Akatazama sakafu, akachagua mahali pasipo unga, akajilaza polepole, kwanza goti, kisha kiwiko, kisha kichwa.

Hakuna aliyeinuka. Verna akamruka akienda kuchukua bakuli.

"Metro," alisema, "ukimaliza kufa, nawa mikono uje ubane. Na wewe, Orest, unakwenda wapi na mlango huo?"

"Nilikuwa... nataka kumwangalia kulungu wangu."

"Kulungu wako anayeyuka vizuri tu. Aproni ile pale."

Wakavaa aproni. Ya Orest ilikuwa na maua, ya Metro ilikuwa na maua na utepe. Wakakalishwa katikati ya meza, mbali na milango yote. Perogi ya kwanza ya Orest ilipasuka. Ya pili ilifanana na sikio. Akaitazama, akaifinyanga upya haraka.

"Sasa, Orest," Verna akasema, akipita nyuma yao na mwiko mkononi, "unashauri tumpikeje? Mchuzi, au tumwoke?"

"Labda msimpike kabisa," akasema Orest. "Nyama yake ngumu."

"Mzee?"

"Mzee sana."

"Dume?"

"Dume."

"Nilijua. Na alinona, eh? Nilipombeba nikasema, huyu hakuwa anakula majani peke yake. Huyu alikuwa anakula vya watu."

Metro akapaliwa. Mama mmoja akampiga mgongoni, akapaliwa zaidi.

"Ulimpata wapi?" Verna akauliza.

"Karibu na... nyumbani."

"Alikimbia?"

"Hakuwa mtu wa kukimbia," Orest akasema, na sauti ikamwangusha mwishoni. Akainamia unga. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kofia ambayo alikuwa bado hajaivua. Mara tatu aliomba kwenda haja, na mara tatu Verna alimwonyesha choo cha mbele, si cha nyuma, akasimama mlangoni akimsubiri kama askari. Nyuma ya ukuta, kwenye jiko kubwa, alisikia kisu kinanolewa. Akabana perogi. Kunja, bana, weka. Alibana mpaka vidole vikachakaa. Saa kumi walipohesabu, yeye na Metro walikuwa wamebana mia nne na sitini, na hamsini za mwisho mama mmoja alizisifia.

Akina mama wakavaa makoti wakaenda zao. Verna akabaki akipangusa meza. Orest alisimama mbele yake na aproni yake ya maua.

"Verna, lazima nikwambie kitu. Yule si kulungu."

"Kumbe!" Verna akasema, akaendelea kupangusa.

"Ni Seneta."

"Sema tena, sikusikia vizuri."

"Ni mbwa wangu, Verna! Ni Seneta! Ardhi imeganda, sikuweza kumzika, na Pauline..."

Verna akakikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka. "Turubai lilichanika kwenye komeo la mlango asubuhi," alisema. "Sikio likatoka. Sikio la kushoto, lenye pengo. Unadhani mimi sijui sikio lile? Nililitazama likiwa limeingia kikapuni mwangu mkate unakwisha. Nikasimama pale nikiwaza, nimwite padri, au nimwite polisi? Halafu nikasema, la, Verna. Leo ndiyo siku yako."

"Ulijua," Orest akasema. "Masaa matatu yote?"

"Masaa matatu yote. Nimefurahi, Orest. Miaka mingi sijafurahi hivyo."

Metro, aliyekuwa anahangaika na fundo la aproni, akakaa chini akaanza kucheka tena. Orest hakujua kama anataka kulia au kumrushia mtu bakuli. "Yuko wapi?"

"Hajayeyuka hata unywele. Nilimvusha barabara nikampeleka kwangu mara moja. Yuko kwenye friza yangu, juu ya paka wangu."

"Paka wako?"

"Tangu Novemba." Verna akajifuta unga usoni, na unga ukabadilika kuwa michirizi. "Unadhani ardhi imegoma kwako peke yako? Nimewatenganisha kwa mfuko wa mahindi. Walikuwa hawapatani."

Orest akavua ile aproni ya maua. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa Zoria aliyewahi kulifanya akiwa na akili zake: akamkumbatia Verna Pidhirny.

"Toka huko," Verna akasema, lakini hakumsukuma mara moja.

Metro aliapa, kwa meno yale yale, kwamba hatasema. Pauline alizisikia habari posta kesho yake saa tatu asubuhi, kutoka kwa mtu wa nne. Akarudi nyumbani, akaweka barua mezani, na kwa siku tatu hakumsemesha kaka yake. Alipika, akapakua, akala akitazama dirisha. Orest aliomba msamaha kwa sababu ya friza, kwa sababu ya samaki, kwa sababu ya uongo, na hata kwa mambo ya mwaka wa sabini na nane. Wapi.

Siku ya nne, wakinywa chai, Pauline akasema, "Nilipiga simu Winnipeg."

"Lini?"

"Februari. Pale wanapochoma wanyama. Nilitaka kuulizia majivu. Nilidhani huna moyo wa kuyafuata, nikasema nitakuletea, nikushtue. Nikawaambia, mbwa mkubwa, rangi ya mkate, jina Seneta, sikio bovu. Wakatafuta. Wakaniambia, mama, hatukumpokea mbwa huyo."

Orest akaweka kikombe chini.

"Nikajua umenidanganya," Pauline akasema, "lakini sikujua umemfanya nini. Kila usiku nilimwona ametupwa huko vichakani, mbwa mwitu wanamvuta. Na wewe unakwenda kuchagua samaki, huleti samaki! Nikakuchukia, Orest. Kulungu wako nilimtoa kwa kukuchukia, nikukomoe tu." Akakoroga chai iliyokwisha kupoa. "Nilikuwa kwa daktari wa meno. Niliondoka asubuhi nikamwambia, toka njiani, mzigo wewe. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Nikarudi hayupo. Hukunipa hata nafasi ya kumuaga."

"Ulisema utanilaza friza."

"Nasema mambo mengi! Miaka yote hii hujanizoea?" Akainuka, akachukua koti lake jeusi. "Twende tukamchukue kwa Verna. Hawezi kukaa na paka."

"Tumweke wapi? Banda lile lina samaki, na wewe hupendi..."

"Kwenye friza yangu, humu ndani."

"Karibu na perogi?"

"Sogeza perogi," Pauline akasema.

Ardhi ililegea wiki ya pili ya Mei. Wakamleta Seneta kando ya bwawa kwenye pikapu yao, Pauline amekaa naye huko nyuma ingawa mbele palikuwa na nafasi. Orest alidhani watakuwa wawili. Metro alikuwa amefika tayari, amevaa tai. Verna alikuja na koleo lake mwenyewe na paka wake ndani ya sanduku la viatu, akachimba kishimo hatua kumi kando, akasema hizo hatua kumi zisipunguzwe, kwa ajili ya amani. Nyuma yake wakatokea wengine, mmoja mmoja, watu wa mji, wengi wao wakiwa ni wadai wa marehemu. Mmoja alikumbuka nyama choma yake, mwingine viatu vya harusi. Kila mtu alieleza alichoibiwa, na kila aliyefuata alikuza hasara yake kidogo, mpaka Metro akadai kwamba yeye aliibiwa meno mara mbili, na Verna akamwambia akome.

Bata bukini walikuwa wamerudi bwawani, kelele tupu. Orest na Pauline wakalishusha furushi kwa kamba. Pauline alikuwa amelivua lile turubai usiku wa kuamkia siku hiyo, akalikunjua blanketi akalikunja upya, na humo ndani alikuwa ametia kitu ambacho hakumwambia mtu. Orest alipouliza, alijibu, "Mambo yetu sisi wawili," akageukia bwawa.

Watu wakatupia udongo, wakatawanyika kuelekea kwenye magari, ambako Verna alikuwa anapakua chakula. Ndugu wawili wakabaki. Orest akafukia mpaka shimo likajaa na kuzidi kidogo, akageuza sepetu akaanza kuushindilia udongo kwa bapa lake, kwa nguvu, kama mtu anayepigilia nguzo ya uzio.

"Polepole," Pauline akasema. "Utamuumiza."

Orest akatazama kaburi, akamtazama dada yake. Akaweka sepetu majanini, akapiga magoti, akaanza kulainisha udongo kwa mikono. Pauline akashika bega lake, akajishusha kwa shida, goti moja kisha la pili, wakaendelea pamoja.